Mashahidi Waliomo Ndani ya Ini la Fisi

Mwaka ule ukame ulikausha kila kitu isipokuwa mate ya Fisi. Kilibaki kisima kimoja tu, na mwenye kisima ni Simba. Nyati alipokufa kwa kiu, Simba akatangaza kwamba nyama itagawanywa jioni, akaketi kuilinda. Akasinzia. Alipozinduka alikuta pembe na kwato tu.

"Ni Sungura!" Fisi akapiga kelele, tumbo limemvimba kama ngoma. "Nimemwona kwa macho yangu!"

"Nyati mzima? Mzee Simba, mimi nakula majani!"

"Njaa imembadilisha," alisema Fisi, akacheua.

Simba hakuwa tayari kukiri kwamba alisinzia, kwa hiyo alimhitaji mwizi upesi. "Sungura, hunywi tena kisimani kwangu."

Sungura akapiga hesabu upesi. Bila kisima kile angekufa. "Sawa, Mzee. Ila kwanza tuwaulize mashahidi waliomo ndani ya ini."

"Mashahidi gani hao?"

"Vimeng'enya. Ni wafanyakazi wadogo mno, hawaonekani. Protini ya nyama huvunjwavunjwa tumboni, vipande huenda kwenye ini. Huko vimeng'enya huchambua: cha kujenga mwili huachwa, kilichozidi hukatwa tena. Hapo hutoka amonia, sumu kali, nao huigeuza kuwa urea, taka isiyo na makali. Figo huiosha kwa maji mengi, ikatoka pamoja na mkojo. Aliyekula nyati mzima atakojoa mno. Basi tukojoe sote hapa, uone."

Fisi akajiona mjanja. "Mimi sina hata tone," akasema, akakunja miguu na kujibana.

Sungura akakojoa kidogo, kwa haya. Simba naye akakojoa, kifalme. Kisha wakakaa kumngoja Fisi.

"Bado?" aliuliza Simba.

"Bado, Mzee."

Jua likasogea. Fisi akaanza kurukaruka kwa mguu mmoja, macho yamemtoka. Ndani ya ini lake wafanyakazi hawakuwa na habari na uongo wake. Nyama ilikuwa nyingi, nao walichapa kazi.

"Unacheza ngoma gani hiyo?" Sungura alimuuliza.

Fisi akacheka. Kucheka ndiko kulikomponza, maana aliachia. Yakawa mafuriko! Yakapita kwenye pembe za nyati, yakapanda hadi kwenye manyoya ya shingo ya Simba.

"Mzee," alisema Sungura, "huo ni mkojo wa majani?"

Simba alinguruma kwamba asiyekunywa tena kisimani ni Fisi, na Fisi akatimua mbio akizidi kumwagika njia nzima. Sungura akanywa wa kwanza kisimani, taratibu, tena kwa sauti. Fisi, aliyejificha kichakani, alisikia kila funda, ulimi ukining'inia kwa kiu. Mdomo wake alikuwa ameufundisha kudanganya tangu utotoni, lakini ini hakukumbuka kulifundisha.