Kiboko na Kilio cha Shambani

Hapo zamani za kale, Kiboko alikuwa na shamba la mtama na watumishi wawili. Shamba alilipata wapi? We mtoto, nyamaza usikilize!

Kiboko hakutoka dimbwini. Jua lilimchoma, mwili wenyewe mzito. Basi kazi aliipima kwa masikio.

Mtumishi mmoja, Fisi, alilala kivulini akipiga mayowe. "Mama wee! Kiuno changu! Nakufa na jembe!"

"Huyo ndiye mchapakazi," Kiboko akasema.

Wa pili alikuwa Kindi, mama wa watoto wanne, aliyekaa nao darini mwa ghala la Kiboko. Alilima kimya kimya, puu, puu, mpaka mwisho wa shamba.

Siku moja Kiboko akamwita. "Kindi, sijakusikia hata ukikohoa! Mvua zikianza, toka darini kwangu na wanao."

Kindi moyo ukampasuka. Wanawe hata manyoya hawajaota, atawapeleka wapi na mvua? Akasema, "Kweli, bwana mkubwa, mimi mvivu. Lakini mwonee huruma Fisi. Alime yeye, alie yeye? Mwache alime tu, mimi nimlilie. Nitakaa hapa ubavuni mwako, usikie vizuri."

"Loo! Akili hiyo!" Kiboko akacheka, dimbwi likafurika.

Kindi akamfuata Fisi. "Kaka, leo pumzisha koo. Mayowe niachie mimi."

"Ahsante, dada!" Fisi akajinyoosha. Hakuuliza mara mbili, huyo.

Basi Kindi akakaa ukingoni, anatafuna karanga, kru kru kru, kisha, "Mama wee! Kiuno changu!" Wiki baada ya wiki hivyo. Kiboko akasinzia kwa raha. "Shamba linalimwa, jamani!"

Mawingu yalipotanda, Kiboko akajikokota kwenda kutazama mtama wake. Lahaula! Magugu yamemfika masikioni. Katikati Fisi anakoroma, khoroo!

"Fisi! Kazi iko wapi?"

Fisi akakurupuka. "Ba... bwana, kwani hukunisikia nikilia?"

"Nilimsikia Kindi, tena anatafuna karanga!" Kiboko akayatazama magugu. Uso ukamshuka. "Kwa hiyo miaka yote hii nimelisha koo?"

"Shamba hutazamwa, bwana mkubwa," akasema Kindi aliyemfuata nyuma. "Halisikilizwi."

Fisi alikwisha kutimua mbio, vumbi tupu. Mvua ikashuka, nao watoto wa Kindi wamelala darini, wakavu.

Mkubwa apimaye kazi kwa makelele, mavuno yake ni magugu.