Siku Kiboko Alipokuwa Jengo

Paukwa?
Pakawa.
Jua?
La kuota.
Giza?
La Chui.
Na ruhusa?
Ya Kiboko.

Basi kaeni vizuri, wa nyuma asimsukume wa mbele, tuanze.

Zamani, lakini si zamani sana, maana nyaya zilikwisha kuwapo, aliishi Pimbi mmoja juu ya majabali yanayotazama mto. Asiyemjua pimbi amfikirie sungura aliyesahauliwa wakati wa kugawa masikio: mnene, mfupi, mkia hana, na nyumba yake ni ufa wa jiwe. Jina lake lilikuwa Bi Mashavu. Mumewe alikwisha kuliwa na Chui mwaka wa ukame, na watoto aliobaki nao walikuwa bado wadogo, laini, wa kumezwa bila kutafunwa. Kila jua lilipozama Chui alikuja akaketi chini ya jabali, akalamba masharubu, lamba, lamba, akauliza kwa upole kama watoto hawajambo.

Wakaja wapima ardhi. Walitumwa kupima mpaka kati ya watu na wanyama. Wakapiga hema juu ya majabali, wakaweka paneli ya jua, betri na taa, wakapima, wakapima, hata asubuhi moja wakamkuta Tembo amesimama upande ambao ramani ilisema hayupo. Hawakubishana naye. Waliondoka tifu, tifu, tifu, wakaacha kila kitu, hata chai jikoni. Mpaka ule haujapimwa hadi leo.

Bi Mashavu akaizunguka paneli, akainusa, akaielewa. Si kwamba alisomea umeme. Aliitazama akajiona mwenyewe. Pimbi naye huamka na baridi, hafai kwa lolote, mpaka ajitandaze juu ya jiwe apate moto wa kuanzia siku. Kivuli kikimpitia, hunyauka. Vumbi likimjaa manyoya, joto haliingii. Paneli ni hivyo hivyo, ila yenyewe haina tumbo. Tumbo lake ni betri, kile kisanduku kizito chenye sura mbaya, kinachokaa ndani kivulini na kutunza usiku kilicholiwa mchana.

Basi akaiweka paneli juu ya jiwe, uso umeelekea juani, imeinama kidogo ili mvua ikinyesha iteremke na vumbi lake. Betri akaitia ufani. Taa akaitundika mlangoni. Kila asubuhi aliifuta paneli kwa ubavu wake, fya, fya, na watoto wakaimba:

Jua lalisha paneli,
paneli yalisha betri,
betri yalisha taa,
taa yamnyima Chui.

Jioni ya kwanza Chui alikuja kama kawaida yake. Akaketi. Akalamba masharubu. Mara taa, pwaa! Macho yakamcheza kama ya mtu aliyefunguliwa mlango wa choo. Akauliza kama watoto hawajambo. Wakamjibu kwa umoja kwamba hawajambo kabisa, na yeye je? Chui akasema salama, akaenda zake kulala na njaa.

Habari hazina miguu lakini hufika mtoni. Huko ndani ya maji aliishi Kiboko, na siku ile ile aliposikia kuna kitu kinang'aa majabalini aliunda Kamati ya Vitu Vinavyong'aa, akajichagua Mwenyekiti, akajipigia makofi. Katibu wake alikuwa Kongoti, yule ndege mrefu mwenye kipara na koti jeusi, anayetembea kama aliyechelewa mazishini. Kazi ya Kongoti ilikuwa kusema, "Naam, Mheshimiwa." Aliifanya kwa ustadi mkubwa.

Jua lilipokaribia kuzama, Kiboko akapanda majabalini, tindi, tindi, tindi, na mawe yakamwachia njia. Akaeleza kwamba jua ni mali ya umma. Akaeleza kwamba yeye ndiye aliyebeba umma mwingi mwilini kuliko wote. Kwa hiyo jua likae kwake. Akamwuliza Katibu kama hoja imepita.

"Naam, Mheshimiwa," akasema Kongoti.

Bi Mashavu akatazama ufa wake, akaona macho ya watoto yamejipanga gizani. Hakulia. Aliuliza tu, kwa adabu zote, kama Mheshimiwa angependa na betri pia.

Kiboko akaitazama paneli: pana, ya buluu, yenye kumeremeta. Akaitazama betri: kisanduku.

"Mimi ni Mwenyekiti," akasema. "Sibebi masanduku."

Akaing'oa paneli kwenye waya, akaishika mdomoni, akashuka nayo. Waya ukabaki unaning'inia kama mkia, kitu ambacho ukoo wa pimbi haukuwahi kuwa nacho.

Jioni ile na iliyofuata taa iliwaka kwa akiba. Lakini akiba ni akiba. Mwanga ulianza mweupe, ukawa rangi ya chai ya maziwa, ukaishia chai ya rangi. Chui aliona. Chui ana macho mazuri. Hakuuliza tena kama watoto hawajambo. Alisema tu atapita kesho.

Kumbe huko mtoni nako kulikuwa na matatizo. Kiboko, kwa desturi yake na ya baba zake, mchana kutwa hulala majini, usiku ndipo hutoka kwenda kazini. Akaona kitu hiki nacho kazi yake ni ya usiku. Basi mchana kitapumzika majini kama watu wengine wenye heshima zao. Akailaza paneli kwenye tope, akaifunika kwa tope lingine isipigwe na jua likaiharibu, akalala kando yake.

Magharibi akaitoa. "Waka," akaiambia.

Paneli ikanyamaza.

Akamwamuru Kongoti aiambie. Kongoti akaiambia. Ikanyamaza. Akaibadilishia cheo, akaiita Naibu. Ikanyamaza. Akaitisha kikao cha dharura, na kikao kikaamua kwa kauli moja kwamba paneli imegoma na aliyeichochea ni Pimbi. Asubuhi Kongoti akatumwa kumleta.

Bi Mashavu alishuka akiwa amekwisha kuwaza njia nzima. Akiomba paneli, hapewi. Kiboko hajawahi kupewa ombi asilikatae. Akisema ukweli kwamba haifai bila betri, betri nayo itachukuliwa. Na Chui amesema atapita leo. Jua lenyewe hilo linapanda, na betri haijaonja kitu.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Marahaba. Paneli yako imegoma."

"Haijagoma, Mheshimiwa. Ina njaa. Chakula chake ni jua."

"Basi jua lishuke hapa."

Kongoti akainua shingo kulitazama jua, akakohoa kidogo, kama anayejiandaa kulisomea wito. Bi Mashavu akaeleza kwa masikitiko kwamba jua ni zito la kusikia, halishuki kwa mtu. Tena likigusa maji tu, chubwi, limezama. Kiboko akasema basi paneli ikae hapo ukingoni, Kongoti ailinde.

"Chini?" Bi Mashavu akashtuka kwa niaba ya paneli. "Mheshimiwa, chini? Bata waikanyage? Mjini kwa watu kitu hiki huwekwa juu ya jengo kubwa kuliko yote, kila anayepita ainue macho aseme, hapa pana mkubwa. Lakini sisi huku majengo hatuna." Akahema. "Labda tuwakopeshe watu wa mjini."

 Kongoti akamtazama Kiboko kutoka pua hadi mkia, na ilimchukua muda.

"Jengo mnalo," akasema Kiboko.

"Liko wapi, Mheshimiwa?"

"Unalitazama."

Bi Mashavu akajipiga kipaji cha uso, akashangaa alikuwaje kipofu miaka yote hiyo. Ila, akasema, jengo lina masharti yake, na pengine Mheshimiwa ana shughuli nyingi. Jengo husimama chini ya majabali, mahali waya unapofika. Jengo hutazama upande mmoja. Jengo haliendi majini mchana. Kiboko akamkatiza, akasema masharti anayajua, alizaliwa nayo.

Basi wakapanda. Paneli ikaoshwa tope, ikafungwa kwa mizizi juu ya mgongo wa Kiboko, waya ukapandishwa hadi ufani. Mgongo wenyewe, kwa bahati, una mteremko mzuri. Bi Mashavu akachungulia betri: kijitaa chake kidogo kikakonyeza. Inakula.

Wanyama wakaja kutazama. Swala wakaja, Ngiri wakaja, Nyani wakaja na maoni yao. Kila mmoja akainua macho. Kiboko akafumba yake kwa utukufu.

Kongoti naye, kwa kuwa Katibu hukaa karibu na Mwenyekiti, akasimama juu ya shingo ya bosi wake, kivuli cha mguu wake kikakatiza paneli. Kijitaa kikazima. Bi Mashavu akatoka mbio ufani.

"Kaka Kongoti, nakuomba uteremke."

"Ni mguu mmoja tu," akasema Kongoti.

"Kwa paneli, mguu mmoja ni mawingu. Hebu weka mguu puani mwako uone unavyopumua."

Kongoti akateremka. Kijitaa kikakonyeza tena.

Jua likapanda. Kiboko akasimama. Jua likafika utosini. Kiboko akasimama. Ngozi ya kiboko, mjue, ni ngozi ya majini. Juani hukakamaa, hupasuka kama udongo wa bondeni, na kutoa jasho jekundu. Likaanza kumtoka, tiri, tiri, tiri. Swala wakanong'onezana kwamba Mheshimiwa anazidi kung'aa. Kiboko akasikia, akajikaza. Mto ulikuwa pale pale chini, ukipita shwaa, shwaa, bila haya.

"Bi Mashavu," akasema kwa sauti ndogo, ya mtu asiyetaka umma usikie. "Jengo hupumzika saa ngapi?"

"Jua likizama, Mheshimiwa. Kesho alfajiri linasimama tena."

"Mpaka lini?"

Bi Mashavu akafikiri. Na hapa, wasikilizaji wangu, hakusema uongo hata chembe. Alisema fundi wa wapima ardhi aliwaahidi wenzake kwamba paneli nzuri, ikifutwa vumbi, hudumu robo karne.

Kiboko akautazama mto. Akawatazama wanyama. Kujiuzulu hakuwezi, hakuna mwenyekiti aliyewahi kujiuzulu pale mtoni, hata maiti zao hukaa kitini siku kadhaa. Kuitupa paneli chini mbele ya Nyani hakuwezi pia. Jasho likamtoka, tiri, tiri.

Bi Mashavu akawa anafuta vumbi kwenye ncha ya paneli, fya, fya, akasema kama anayesema na jiwe kwamba wapima ardhi nao walikuwa na mkubwa wao, na mkubwa yule hakuonekana kazini hata siku moja. Wote walimheshimu sana. Kazi aliifanya kaimu.

Kiboko akafumbua jicho moja. "Kaimu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Cheo kinabaki kwa mwenyewe. Anayesimama ni kaimu."

"Katibu," akanguruma Kiboko, "kikao."

Kikao kikafanyika pale pale, wajumbe wamesimama. Ikatafutwa nafsi imara, yenye mgongo mpana, isiyoogopa jua, isiyo na tamaa ya kumpindua Mwenyekiti. Nyani akanyoosha mkono, akaambiwa ashushe. Kiboko akatazama kulia, akatazama kushoto, macho yakatua juu ya jabali la Bi Mashavu.

"Kuanzia sasa," akatangaza, "jabali lile ni Kaimu Kiboko."

"Naam, Mheshimiwa," akasema Kongoti, akalipigia jabali saluti.

Bi Mashavu akauliza, uso mkavu kabisa, kama Kaimu ataapishwa. Kiboko akasema muda hautoshi. Akauliza tena nani atamfuta vumbi Kaimu, maana ni kazi ya kila siku na haina shukrani. Kiboko akasema hiyo ndiyo adhabu yake Bi Mashavu kwa kuichochea paneli igome, afute yeye na wanawe na wajukuu wake. Bi Mashavu akainamisha kichwa, akaipokea adhabu. Waliokuwa karibu naye walisema mabega yalimtikisika, wakadhani ni kilio.

Mizizi ikafunguliwa. Paneli ikapandishwa juu ya Kaimu. Kiboko akageuka na kushuka kwa heshima hatua chache, za kuonekana. Kisha heshima ikamshinda, akaporomoka, gudugudugudu, chubwiii! Mto ukafoka mvuke.

Jua likazama. Chui akaja. Alikuja mapema, amejifunga shingoni kitambaa cha kulia chakula. Akaketi. Akalamba masharubu, lamba, lamba.

Taa, pwaa!

Nyeupe, siyo chai. Na watoto ufani wakaimba wimbo wao mpaka mwisho, ule mstari wa mwisho wakaurudia. Chui akavua kitambaa, akakikunja vizuri, akasema atawasalimia ndugu zake wa bonde la pili, anahamia huko.

Ndiyo maana hadi leo, ukipita mtoni mchana, utamwona Kiboko amezama mwili wote, ametoa macho na masikio tu juu ya maji. Anachungulia kama Kaimu bado yuko kazini. Na ndiyo maana pimbi hawatoki juu ya majabali wakati wa jua. Wanatumikia adhabu.

Na mafunzo yake, ambayo Kamati imeniomba niyasome polepole, ni haya. Jua ni kitu cha wakubwa, mdogo asiliguse bila kibali. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua kinachong'aa, kisanduku waachie wajinga. Na mwenye nyumba yeyote anayetaka mwanga asijisumbue kujua nini kinalisha nini. Amtafute kiongozi mnene, amsimamishe mlangoni, atulie.

Ngano yangu imekaa kitako. Ikiwa tamu, ilambeni nyote. Ikiwa chungu, niachieni, nitaitia sukari mwenyewe.