Sauti Iliyofunikwa na Magitaa

Wahenga hawakuwa na ugomvi na bata. Walimtazama tu anavyoishi: anavuruga matope kwa mdomo, anameza asichokijua mtu, kisha anajitikisa na kwenda zake kwa maringo. Anayemkuta amekwisha kuungwa atamla na kulamba vidole. Lakini aliyemfuata nyuma kutwa nzima, akikagua kila alichookota, sahani ikifika mezani koo litamziba. Hapo ndipo walipopata methali yao. Watu wengi huitaja methali hiyo huku wakicheka. Fundi Spika naye alikuwa akiicheka.

Kibanda chake cha kutengeneza spika na redio kilibanana kati ya duka la rangi na saluni ya kinyozi. Ndani kulinukia waya ulioungua na gundi. Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika, na tangu mdogo wake afariki katika ajali ya pikipiki, hata hayo machache yalipungua. Wawili hao walikuwa wamefanya kazi pamoja humo ndani, bega kwa bega. Sasa kilichobaki cha mdogo wake ni wimbo.

Ulikuwa wimbo wa mwisho katika albamu ya mwisho ya Kutu, bendi ya roki iliyopiga magitaa yenye kukwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Mwimbaji wake, ambaye mashabiki walimwita Mkwaruzo, aliimba: "Nisubiri mlangoni, mpaka mvua…" kisha akanyamaza. Magitaa yaliunguruma yakajaza pengo, ndipo akamalizia: "…ikatike." Mdogo wake Fundi hakuwa na subira na pengo lile. Kila mara alimtangulia Mkwaruzo, akapiga kelele "Ikatike!" kwa sauti isiyo na haya wala ufundi. Baada ya msiba, Fundi aliuweka wimbo ule kila jioni kabla ya kufunga kibanda. Lilipofika pengo, alimsikia mdogo wake waziwazi, kana kwamba amesimama nyuma yake na koleo mkononi.

Jumamosi mchana mashabiki wenzake wawili walikuja kubishana. Kinyozi wa jirani aliapa kwamba Kutu walikuwa bendi kwenye albamu ya kwanza tu, ile waliyorekodi kwenye gereji. Nesi, mwanamke wa makamo aliyepitia pale akitoka zamu, alisema albamu ya kwanza ni fujo na ya mwisho ndiyo muziki.

"Fujo?" Kinyozi aliruka. "Dada, ile ndiyo roho ya Kutu! Hii ya mwisho mtu anaimba kama anatafuta funguo gizani."

"Ndiyo uzuri wake. Analipima kila neno."

"Anapima nini! Alikuwa chakari. Yale mapengo ni chupa, dada. Chupa tupu!"

"Wewe ndiye unayenyoa watu huku ukisikiliza gereji," Nesi alimjibu. "Ndiyo maana wanatoka na vichwa kama barabara mbovu."

Fundi alicheka kimoyomoyo. Ubishi ule haukuwa na mwisho, maana aliyeweza kuumaliza hakutaka. Mkwaruzo alifariki muda mfupi baada ya albamu kutoka, na mjane wake hakusema aliugua nini. Waandishi wa habari walipomzonga siku ya mazishi, aliwaambia maneno mawili matatu tu: "Nyimbo ni zenu. Mume ni wangu." Akafunga mlango, na hakuwafungulia tena.

Basi, studio iliyowarekodi Kutu ilifungwa, na mitambo yake ikauzwa kama vyuma chakavu. Fundi alijipatia kinasa sauti kimoja kibovu ili akitoe vipuri. Alipokifungua alikuta tepu ingali ndani, imeandikwa jina la wimbo ule ule. Tepu za studio si kama kanda ya kawaida. Kila chombo hurekodiwa katika njia yake, na mwenye mtambo anaweza kuzima ngoma, akazima magitaa, akabaki na sauti ya mwimbaji peke yake.

Akakitengeneza kinasa kile kwa uvumilivu wa mtu anayetega samaki. Jumamosi iliyofuata aliwaonyesha wenzake.

"Sikilizeni, leo ubishi unakufa!" Kinyozi alishangilia, akatoa simu yake na kuishikilia kifuani. "Zima magitaa, tusikie kama hatasikika akimeza."

Nesi hakushangilia. "Mwacheni marehemu. Yule mama alisema mume ni wake."

"Na nyimbo ni zetu. Si alisema mwenyewe?"

Wote wawili wakamgeukia Fundi. Laiti angejiuliza mara ya pili! Lakini yeye hakuwa akifikiria chupa wala ubishi. Alifikiria pengo. Alijiambia kwamba likivuliwa magitaa likabaki tupu, mdogo wake atakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kusimama ndani yake. Akanyoosha mkono. Akazima ngoma. Akazima besi. Mwishowe akazima magitaa.

Kilichosikika kwanza kilikuwa mnong'ono wa mwanamke.

"Nisubiri mlangoni," ulisema, taratibu, kama mtu anayemsomea mtoto.

"Nisubiri mlangoni," akaimba Mkwaruzo.

"Mpaka mvua."

"Mpaka mvua…"

Pengo likafika. Halikuwa tupu. Mkwaruzo alihema, kisha akasema kwa sauti ndogo iliyopotea, "Mpaka mvua nini?"

"Ikatike, baba. Ikatike."

"…ikatike."

Wimbo mzima ulikwenda hivyo, neno kwa neno, mwanamke akitangulia na mwanamume akifuata, kama kipofu anayeongozwa kwa fimbo. Magitaa waliyoyapenda miaka yote yalikuwa pazia. Wimbo ulipokwisha, tepu iliendelea kuzunguka.

"Nimeimba vizuri?" Mkwaruzo aliuliza.

"Umeimba vizuri sana."

"Ahsante, mama. Una moyo mzuri. Mume wako ana bahati. Yuko wapi?"

Kilisikika kiti kikisogezwa. Kisha mwanamke akajibu, "Yuko njiani. Anakuja."

Fundi alizima mtambo, lakini mkono wake ulibaki juu ya kitufe kana kwamba umegandishwa. Nesi alikuwa ameketi chini, sakafuni, bila kujali sare yake nyeupe.

"Hakuwa mlevi," alisema. "Akili ilikuwa inamtoka. Nimewauguza watu wa namna hii. Wanafika mahali hawamjui hata aliyewazalia watoto." Akajifuta uso. "Na mimi nilikuwa nasema anapima maneno."

Uso wa Kinyozi ulikuwa umesawajika kama wa mtu aliyemwagiwa majivu. Alikuwa akiitazama simu iliyo kifuani mwake.

"Zima hiyo," Fundi alimwambia.

"Fundi…"

"Nimesema izime."

"Ilikuwa hewani." Kinyozi aliibonyeza simu ikazimika. "Niliwafungulia wenzetu wa kundi la mtandaoni, wasikie moja kwa moja. Nilidhani… nilidhani tutacheka."

Nesi alishika kichwa kwa mikono miwili. Mashabiki wa Kutu walitapakaa mji kwa mji, na kundi lao halikuwa na mlango. Kabla jua halijazama, mnong'ono wa yule mama ulikuwa umekwisha kurudufiwa na kutumwa asikokujua mtu. Wengine walilia. Wengine, kwa kuwa dunia haikosi wapumbavu, waliufanya mzaha. Kesho yake vijana wawili walipita mbele ya kibanda, mmoja akajikwaa, mwenzake akamwambia, "Ikatike, baba!" Wakaangua vicheko. Fundi alihisi kama amechomwa kisu palepale alipokuwa akimweka mdogo wake.

Aliichukua tepu, akaenda kumtafuta mjane. Alimkuta nyumbani kwake akishona sare za shule, sindano mdomoni. Alipomwona mgeni na tepu mkononi, aliitoa sindano akaichomeka kwenye kitambaa. Hakuhitaji kuelezwa; habari zilikuwa zimekwisha kumfikia.

"Shikamoo, shemeji," alisema Fundi, kwa maana mashabiki wote walimwita Mkwaruzo kaka.

"Shemeji?" Mama yule alimtazama juu hadi chini. "Huyo kaka yako ulikutana naye lini?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Sikuwahi kukutana naye."

"Mimi niliishi naye. Na kuna siku nilimwogesha huku akiniuliza mimi ni nani." Alisema bila kupandisha sauti, na hilo lilimtisha Fundi kuliko kelele. "Alipokuwa angali na fahamu zake aliniapisha. Aliniambia, wakijua, hawatasikia wimbo tena, watasikia ugonjwa. Nikawaomba wale wa studio wanifunike na magitaa. Wakanifunika."

"Nisamehe, mama. Ni mimi niliyeyazima."

"Kwa nini?"

Akamweleza habari za mdogo wake, na pengo, na ile kelele ya "Ikatike!" Mama alisikiliza hadi mwisho, vidole vyake vikilainisha kola ya shati dogo.

"Na sasa? Ukiuweka wimbo, unamsikia?"

"Simsikii." Fundi aliinua macho. "Nakusikia wewe."

Mama aliitwaa tepu, akaipakata.

"Hata mimi sijawahi kuusikiliza, toka tulipoutoa," alisema. "Siwezi. Watu wanadhani nilificha kwa sababu ya aibu. Aibu gani? Nilitaka tu kuwe na watu fulani, mahali fulani, wanaoula wimbo wa mume wangu ukiwa mtamu. Niliwahesabu ninyi kuwa ndio mnaonisikilizia."

Fundi aliondoka kinyumenyume, kama anayetoka chumba cha mgonjwa.

Nyumbani mama yake mzazi, kikongwe asiye na habari za simu wala makundi, alikuwa amekaa karibu na redio. "Mwanangu, leo umechelewa," alimwambia. "Hebu niwekee ule wimbo wa mdogo wako."

Fundi alitaka kusema redio imeharibika. Kwa fundi wa redio, huo ungekuwa uongo wa kuchekesha. Akauweka. Magitaa yakaunguruma, Mkwaruzo akaomba asubiriwe mlangoni mpaka mvua, na pengo likafunguka. Bibi kizee akainua mkono hewani na kwa sauti yake iliyochakaa akapaza, "Ikatike!" Uso wake ukang'aa. Alikuwa amempata mwanawe, mzima, akiwa na koleo na kelele zake.

Fundi, aliyekaa pale pale, hakusikia mwanamume yeyote. Alisikia mnong'ono tu, chini kabisa ya magitaa. Alisimama akaelekea mlangoni.

"Mbona husikilizi mpaka mwisho?" mama yake alimwita. "Au kuna kitu humu mimi sikisikii?"

Fundi aligeuka. Kwa mara ya kwanza alielewa uzito aliobeba yule mshonaji miaka yote.

"Hakuna kitu, mama," alisema. "Ni wimbo tu. Sikiliza."

Akatoka nje, akauvuta mlango nyuma yake polepole, ili mama aendelee kushiba peke yake kile ambacho yeye hakingempita tena kooni. Kweli, ukimchunguza sana bata, humli.