Mikate Yote ya Tajiri

Wee, Bi Mishi wa Tanga! Wakwe wanakuja alasiri, yeye bado yuko foleni bekari, mkate wa ufuta ndiyo kwanza unatoka jikoni. Mara tajiri mmoja akashuka garini, akawapita wote.

"Nifungie yote!"

"Na sisi, baba?"

"Njooni kesho, bibi."

Watu wakanuna. Bi Mishi akasema kwa upole, "Mwacheni, mkubwa huyo. Kwani unaitwa nani, mwanangu?"

"Shebila!" akajibu kwa kiburi, kakumbatia kapu lake.

Bi Mishi akainua mikono juu, akapaza sauti. "Jamani, Bwana Shebila katutolea sadaka mikate yote! Mungu amzidishie!"

"Aamiin!" foleni nzima ikaitikia, mikono ikashukia kapuni. Sasa aseme nini, na dua imeshaitikiwa? Akabaki kukenua meno. Bi Mishi akachukua miwili.