Panya Aliyekula Vilemba

Chura ni mnyama mdogo mwenye koo kubwa. Ukipita kwenye mabonde ya mpunga ya Kabungu wakati wa mvua, utadhani kuna mkutano wa hadhara na kila mjumbe amepewa kipaza sauti. Hata hivyo, tangu dunia iumbwe, hajasikika ng'ombe aliyekufa kwa kiu kwa sababu ya kumwonea haya chura. Hushusha kichwa, akanywa, akashiba, akaondoka na tope lake miguuni. Ndiyo maana wahenga walisema kuwa kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mwenye lengo lake hasimamishwi na midomo ya watu.

Katika kijiji kimoja huko Kabungu aliishi binti aitwaye Vestina. Baba yake, Mzee Révérien, alikuwa mkulima, mtoto wa wakimbizi waliotoka Burundi na jembe begani, na jembe hilo lilikuwa limemchonga viganja vikawa vigumu kama gome la mninga. Vestina alikuwa amehitimu chuo cha uhasibu, lakini hakuridhika. Aliitaka CPA, cheti cha mhasibu aliyesajiliwa na bodi, yule ambaye akitia sahihi yake chini ya hesabu, hata wakubwa huvaa miwani na kusoma upya. Mitihani yote alikuwa ameimaliza isipokuwa mmoja tu, wa ukaguzi wa hesabu. Huo ulimwangusha mara ya kwanza, ukamwangusha ya pili, na ya tatu ukamwangusha kama vile ulikuwa umemzoea.

Kijijini habari ya kufaulu hutembea kwa miguu, ya kufeli hupanda bodaboda. Vestina hakuwahi kufika kisimani kabla ya matokeo yake. Aliyevuma kuliko wote alikuwa Mzee Arcade, binamu wa baba yake na mwenyekiti wa ghala la wakulima, mtu mwenye tumbo la kutangulia na cheko la kufuatia.

"Mwanangu Vestina," alimwambia siku moja mbele ya watu, "wenzako wanahesabu watoto, wewe unahesabu nini?"

"Na mimi nahesabu, Baba Mkubwa. Leo umenisema mara nne, na saa nne bado haijafika."

Watu walicheka. Arcade alicheka pia, lakini jicho lake halikushiriki.

Mwezi wa saba, mahindi yalipovunwa, Révérien alimwita binti yake. "Nimetenga magunia ishirini yako wewe. Yatakaa ghalani mpaka bei ipande. Mwezi wa kumi tutayauza, ulipie mtihani na nauli ya Mbeya. Ila mama, hii ndiyo mara ya mwisho. Ukianguka tena, shamba haliwezi kukuinua."

Magunia yale yalikuwa lumbesa, kama ya kila mtu kule: gunia limejaa mpaka mdomoni, kisha juu yake likavishwa kilemba cha mahindi kilichofungwa kwa kamba na wavu. Ghalani lumbesa huitwa gunia moja. Yakiingia ishirini huandikwa ishirini, yakitoka ishirini huandikwa ishirini, na daftari la Arcade lilikuwa safi kama shuka la mgeni.

Siku ya kuyapeleka, Vestina alikwenda mjini Mpanda kwa Mwanahija, mfanyabiashara wa nafaka aliyekuwa akimwandikia hesabu za duka, akaazima mzani wa kuning'iniza. Aliufunga kwenye boriti ya ghala akapima gunia moja baada ya jingine. Kijiji kizima kilikusanyika.

"Jamani, kliniki imefunguliwa!" Arcade alipiga kelele. "Leteni na watoto wenu wapimwe, nesi amefika!"

Vestina alijumlisha akapata kilo elfu mbili mia sita na ishirini, akaziandika katika daftari la shule, akamsogezea mwenyekiti. "Baba Mkubwa, nisaidie sahihi hapa."

Arcade, kwa jinsi alivyofurahia mchezo, alitia sahihi ndefu yenye mkia kama wa tumbili. Akaongeza na muhuri wa ghala, ili kicheko kinoge.

Mwezi wa kumi ukafika. Zilibaki siku tano usajili wa mtihani ufungwe. Vijana wa ghala walitoa magunia ishirini, yote bapa, yameshonwa mdomoni kwa uzi mpya, hakuna hata moja lenye kilemba. Vestina aliutundika mzani ule ule. Kilo elfu mbili kamili, mia moja kila gunia.

"Baba Mkubwa, vilemba viko wapi?"

"Vilemba gani? Uliingiza magunia mangapi?"

"Ishirini."

"Yametoka mangapi?"

"Ishirini."

Arcade aliwageukia watu akafungua mikono. "Mnamwona mhasibu wetu? Mara tatu bodi imemfelisha, na nyie mlisema anaonewa! Hajui kwamba ishirini ni ishirini!"

Kicheko kililipuka. Mzee Révérien aliinamisha kichwa kwa aibu. "Vestina, mwanangu, twende. Mahindi hukauka. Na panya wapo."

"Kukauka nakubali, baba, lakini yalikauka shambani kabla hatujayaleta. Tuje kwa panya." Alilipigapiga gunia kwa kiganja. "Panya gani huyu anayekula kilemba tu, akifika mdomoni mwa gunia anafuta midomo, anachukua sindano na uzi mpya, anashona?"

Safari hii kicheko kilikuwa kidogo, na kilitoka upande mwingine.

Arcade alimvuta Vestina pembeni, akashusha sauti. "Sikia. Usajili unafungwa, najua. Chukua magunia mawili juu ya hayo, uuze, ukafanye mtihani wako. Damu yetu ni moja. Mzani huu urudi mjini leo."

Magunia mawili yangetosha. Vestina alijua, kwa sababu alikuwa amepiga hesabu hiyo usiku na mchana: ishirini bapa hayakufika, lakini ishirini na mawili yalifika, na chenji ya maandazi ya njiani. Alimtazama baba yake aliyekuwa ameanza kupakia mkokoteni. Kisha akarudi katikati ya watu na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Mwenyekiti ananipa mawili ninyamaze. Nayakataa. Nadai magunia sita na kilo ishirini, na sahihi yake hii hapa, ina mkia. Hizo kilo ishirini nawaachia panya, nao wana watoto. Lakini sita nayataka leo. Na nyie wengine, mlileta bapa au mlileta lumbesa?"

Mjane mmoja, Ernestine, alisogeza kanga yake begani. "Mimi nilileta kumi na mawili. Yote yalikuwa na vilemba, nilivifunga mwenyewe. Fungua kile chumba cha ndani unachotuzuia kuingia, Arcade."

"Chumba kile kina dawa za wadudu, ni sumu!"

"Sisi wajane tumezoea sumu. Fungua."

Kijijini pale kila mkulima huandika jina lake kwenye gunia kwa rangi. Mlango ulipofunguliwa, yalionekana magunia sabini na matatu yasiyo na jina la mtu, yameshonwa kwa uzi mpya. Huyo ndiye panya wa Kabungu, mwenye muhuri na tumbo la kutangulia. Wanachama walimvua uenyekiti pale pale, na Vestina akapimiwa magunia yake sita.

Alijisajili siku ya mwisho, akapanda basi la Mbeya. Chumba cha mtihani kilikuwa kimya hata akahisi masikio yanamwasha. Alikuwa amezoea kusoma katikati ya kelele. Karatasi haikutaja mahindi popote. Ilihusu kampuni ya saruji iliyoonyesha kwamba idadi ya mifuko iliyoingia na iliyotoka ni sawa, na ilitaka mkaguzi aseme kama ameridhika. Mara tatu zilizopita angejibu kuwa ameridhika, maana ishirini ni ishirini. Sasa alitabasamu, akaandika mpaka kalamu ikapata joto.

Matokeo yalimkuta dukani kwa Mwanahija. Mwenye duka alipiga vigelegele vilivyowatoa wateja sokoni. Jioni, Révérien alikaa kibarazani akiwa na simu ya binti yake mkononi, akalisoma neno "amefaulu" kwa kidole, herufi moja moja, kama mtu anayepanda karanga.

Je, Arcade alinyamaza? Thubutu! Methali haikuahidi kwamba chura atafunga mdomo. Siku Vestina alipopita mbele ya nyumba yake akienda ghalani kukagua, kwa ombi la wanachama wote, mzee yule alimpigia kelele kutoka kwenye kiti chake:

"Karatasi tu hiyo! CPA haipikwi ikaliwa!"

Vestina alisimama, akampa shikamoo yake kwa adabu zote, akasema, "Ongeza sauti, Baba Mkubwa. Ukinyamaza, nakosea kujumlisha."

Akaendelea na safari yake, mzani begani. Chura na alie mpaka koo limpasuke. Ng'ombe amekwisha kunywa maji.