Mama Aliyekataa Kupokewa Mzigo

Wa nyuma sogeeni kidogo, wapendwa, maana habari hii ni fupi na sauti yangu leo si nzuri.

Mama mmoja alikuwa na umri ambao wengi wetu humu ndani tunao na hatupendi kuutaja: hamsini na ushee. Watoto wamekua, wamekwenda kwao. Na mnajua heshima yetu ilivyo. Akitoka sokoni na kikapu, hafiki kona kabla kijana hajamwambia, "Shikamoo mama, lete nikupokee." Ndoo anatekewa, kiti anasogezewa. Hata Biblia yake Jumapili alibebewa na mtu mwingine. Mnacheka? Nani hapa ameibeba ya kwake leo?

Miaka ikaenda hivyo, mama akanawiri, na watu wakamsifu mumewe kwa kumtunza. Hakuna aliyeona kwamba akitaka kuinuka kwenye kochi lazima ashike meza na kusema, "Yesu wangu." Ile haikuwa sala, wapendwa. Yalikuwa magoti.

Ndipo akaletewa mama yake mzazi, bibi mkongwe ambaye miguu ilikuwa imegoma kusimama. Bibi mwenyewe alikuwa amekonda, hana uzito wa maana, lakini binti alipojaribu kumwinua, wote wawili wakaangukia godoro. Mume alikuwepo, ila ni mkwe, na mkwe hawezi kumbeba mama mkwe. Kwa hiyo kila bibi alipotaka kwenda msalani, waliitwa majirani wanawake. Walikuja kwa moyo mweupe, mikono bado ina povu la kufulia, wakambeba na kumrudisha.

Baada ya muda bibi akaanza kurudisha chai bila kuinywa. Uji anaonja tu. Kikombe cha maji kinashinda kimejaa kando ya kitanda. Binti akadhani ni uzee. Muuguzi wa zahanati alipokuja kumtazama, aliifinya ngozi ya mkono wa bibi, akasema, "Mama, mgonjwa wako amekaukiwa maji. Tukiendelea hivi tutampoteza."

Binti akaketi kitandani. "Mama, kwa nini hunywi?"

Bibi akageukia ukuta. "Nikinywa, nitataka kutoka. Nikitaka kutoka, utaita watu. Mwanangu, nimechoka kuonwa."

Yule mama alilia, na mimi simlaumu. Kisha akamfuata muuguzi mpaka mlangoni, akamuuliza afanye nini aweze kumbeba mama yake peke yake.

Muuguzi hakumcheka. "Anza na kigoda," akamwambia. "Kaa, simama, bila kushika kitu. Ukizoea, kumbatia dumu lenye maji kidogo, halafu kila wiki uongeze maji. Kunja magoti, nyoosha mgongo, mzigo uwe karibu na kifua. Na mtu akitaka kukupokea, kataa."

Kukataa ndiko kulikomshinda mwanzoni. Kuchuchumaa aliweza, ingawa mapaja yaliwaka moto na kulala ilikuwa kwa kugeuzwa. Lakini kumwambia mtoto wa watu "niache nibebe mwenyewe" ni kama kumtukana. Mtaa ukaanza kunong'ona. Mtu mzima, anakaa na kusimama uani amekumbatia dumu! Anarudia usichana huyu, wakasema. Nyumbani bibi alibembelezwa kunywa kwa kijiko, vijiko vichache, basi.

Mwenyekiti wa akina mama akaja na malalamiko. "Mwenzetu, vijana wanasema hutaki kupokewa. Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea," akajibu, dumu likiwa kifuani. "Mmeniheshimu mpaka nimeishiwa nguvu."

Dumu likawa zito wiki kwa wiki, naye akazoea. Hata asubuhi moja akamwambia bibi amshike shingoni. Akakunja magoti, akanyoosha mgongo, akainuka. Bibi akaguna kwa woga, kisha akatulia. Wakaenda msalani wawili tu, mlango ukafungwa, na hakuna jirani aliyeacha nguo kwenye beseni.

Bibi aliporudishwa kitandani aligeuza uso, akatazama uani. Binti akaingiwa na hofu.

"Mama, nimekuumiza?"

"Hapana," bibi akasema. "Lile dumu lako la uani. Maji yake yanafaa kunywa?"

"Yanafaa, mama."

"Basi nimiminie. Kwenye kikombe kile kikubwa."

Wapendwa, sisi kila Jumapili tunamwomba Mungu atupe nguvu. Tunaimba, tunainua mikono. Yeye anatuletea nguvu hizo ndani ya ndoo na kikapu, na sisi tunamwita kijana atupokee, eti tumeshakuwa watu wazima. Tunadhani mwili huu ni wetu, tukiuacha ulegee ni shauri letu. Si shauri letu. Kuna mtu anautegemea mgongo wako na hajakwambia, kwa sababu anakuonea huruma unavyohema ukipanda ngazi tatu za kanisa.

Kwa hiyo leo sitawauliza mna uzito gani, msiogope. Mkifika nyumbani, ingieni chumbani kwa mzee wenu, mtazame kikombe kilicho kando ya kitanda. Kama kimejaa, usimlazimishe anywe. Nenda uani, utafute dumu.