Uji wa Mwanamvua

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa na nani?
Pakawa na mtu na mkewe.
Basi sogeeni. Na wewe unayetafuna huko nyuma, tafuna polepole nisikike.

Hapo kale, huko Uzaramo, alikuwako mwanamke, Mwanamvua, na mumewe, Pazi. Mwanamvua alilea watoto, akalea wajukuu, akamuuguza mama mkwe kitandani mpaka siku yake ya mwisho. Na Pazi? Pazi kazi yake ilikuwa kunawa mikono. Akishanawa, chakula kimefika.

Ikafika siku, Mwanamvua akafa. Wakamlilia, wakamzika. Pazi hakutoa chozi. Akarudi, akakaa barazani, akagoma kula.

Dada yake akaleta ugali. Hana njaa. Binti yake akaleta wali wa nazi. Hana njaa. Majirani wakaleta samaki wa kuchoma, harufu yake hata nyie mngeniacha hapa peke yangu. Hana njaa! Mashavu yakabonyea, kanzu ikampwaya, wanawe wakaanza kunong'onezana kwamba sasa watachimba kaburi la pili.

Lakini Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani msibani hakatazwi kitu. Akaja Nyanzala, mama wa Kinyamwezi mwenye maneno mengi. Akaingia ndani bila hodi, akatoka kajifunga khanga za marehemu, bakuli la uji mkononi. Akatangaza kwamba yeye ndiye Mwanamvua, anamlisha mama mkwe wake mgonjwa.

"Haya bibi, kunywa. Hutaki? Shauri yako, mimi nakwenda ngomani."

Watu wakacheka. Pazi akasimama kwa hasira.

"Muongo wewe. Mwanamvua hakumlisha mama hivyo."

"Alimlishaje?"

"Alikaa chini."

"Kaa basi, tuone."

Pazi akakaa, akapokea bakuli. Nyanzala akajilaza mkekani, akawa mama mkwe, akakaza midomo. Pazi akachota, akapuliza, akapeleka. Mgonjwa akageuza uso.

"Mama alikuwa hivyohivyo," Pazi akasema. "Hali mpaka anayemlisha ale kwanza."

"Basi kula, mkwe wangu."

Pazi akala. Akachota, akapuliza, akapeleka. Mgonjwa akageuza uso. Pazi akala. Akachota, akapuliza, akapeleka. Mgonjwa akakoroma kabisa. Pazi akala, huku akieleza: hapa Mwanamvua alimfuta mama kidevu, hapa alimwimbia, hapa alinyamaza tu, kamshika mkono.

"Miaka yote ile nilikuwa mlangoni namtazama," akasema, "nangoja zamu yangu ya kula."

Kijiko kikagonga bakuli tupu. Nyanzala akafumbua jicho moja, akalalamika kwamba mgonjwa anakufa njaa. Watu wakavunjika mbavu. Pazi naye akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamshuka, yale yaliyomgomea makaburini.

"Lala hapohapo, mama," akamwambia Nyanzala. "Nakwenda kukupikia mwingine."

Akaingia jikoni, jamani, Pazi huyohuyo! Uji ukaungua, ukafanya mabonge. Nyanzala akataka kukimbia, wakamshika. Pazi akakaa chini, akachota, akapuliza, akala yeye kwanza, kisha akampa.

Ngano yangu imefika. Aliyeipenda aende nayo. Asiyeipenda aiache mkekani, nitailalia mwenyewe.